Niambie Walisema Nini

Ukiingia ofisini kwa Meneja wetu pale Omurushaka, aliyekukaribisha kwanza hakuwa yeye. Kilikuwa kikapu kidogo chenye mfuniko, kimejaa kahawa za kutafuna. Huku kwetu Karagwe mgeni hupewa kahawa kabla ya kuulizwa shida yake: buni zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, ambazo nyumbani tunaziita amwani. Kwa hiyo kikapu chenyewe hakikumshangaza mtu. Kilichoshangaza ni kazi aliyokipa.

Siku ya kikao cha bodi, taarifa iliwekwa mezani mbele ya kila mjumbe, na kikapu kikazungushwa. Ulichukua punje zako, ukafungua karatasi, ukasoma. Hakuna aliyeruhusiwa kusema mpaka wote wamemaliza. Ukianza kueleza kitu, Meneja alikusogezea kikapu bila kukutazama, nawe ulijua maana yake: una nafasi mdomoni, ijaze.

Mjumbe mmoja, mzee wa kanisa kutoka Kyerwa, hakuupenda utaratibu huo. Siku moja alifunika karatasi yake kwa kofia akauliza, "Mama, tumekuja kwenye kikao au kwenye posa?"

"Kwenye posa watu husikilizana, mzee wangu," alijibu. "Tafuna."

Watu walicheka, mzee naye akacheka, akafunua karatasi. Dakika chache baadaye alikuwa wa kwanza kuona kwamba ukurasa wa pili ulipingana na wa nne.

Nilikuwa naibu wake kwa miaka mingi katika kiwanda kile cha kukoboa kahawa. Mwaka huu kiti chake nimekikalia mimi, na kazi ya kwanza niliyopewa na bodi ilikuwa kwenda Bweranyange kuwaambia wakulima kwamba ghala lao linafungwa. Ghala hilo alilifungua yeye. Nitafika huko. Lakini kwanza nieleze alivyokuwa, maana usipomjua hutaelewa kwa nini safari ile nzima niliwaza habari zake kuliko za wakulima niliokuwa nawaendea.

Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alisoma huku anatafuna. Tulimwita Mama Meneja, hata waliomzidi umri. Mimi nilijifunza kumsoma kabla sijajifunza kusoma kingine chochote pale ofisini, na alama zake zilikuwa kwenye taya. Ukimsomea jambo, taya likiendelea kwenda, uko salama. Likisimama, sentensi yako imemkwama.

Taarifa yangu ya kwanza niliiandika kwa jasho. Ilianza na heshima na taadhima, ikapita kwenye historia ya msimu, ikagusa hali ya hewa. Aliniambia niisome kwa sauti. Taya lilisimama kwenye sentensi ya pili na halikurudi tena. Nilisoma kurasa zote mbele ya taya lililosimama, na naomba uamini kwamba hakuna kurasa ndefu kama hizo.

Nilipomaliza aliuliza, "Mashine ya kukoboa imeharibika?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Basi anza hapo. Hali ya hewa tunaiona dirishani."

Hakunidharau. Alivuta kiti chake upande wangu wa meza, akanionyesha kwa kidole jinsi habari yenyewe ilivyokuwa imejificha chini ya ukurasa wa pili kama kuku anayeatamia. Alisema msomaji wa kazini hasomi kwa sababu anakupenda. Anasoma kwa sababu kuna jambo anatakiwa kulifanya, na kila mstari unaomchelewesha unapunguza imani yake kwako. "Sentensi ni kama mkungu," aliniambia. "Mgomba ukilemewa tunauegemeza mti. Wewe huna mti. Punguza mkungu."

Nimewarudia vijana wetu ofisini maneno hayo mara nyingi, na kila ninayemwambia hutabasamu, kwa kuwa wote wamekulia kibanjani, kati ya migomba, na wameona mgomba ukianguka na mkungu wake usiku wa upepo.

Katika kusoma alikuwa na subira iliyowaudhi wenye haraka. Wakati mmoja tulipata barua pepe kutoka kwa mnunuzi wa ng'ambo. Ilikuwa fupi na baridi. Mimi na mhasibu tuliisoma tukiwa tumesimama, tukakubaliana kwamba ametutukana, na kabla ya saa sita tulikuwa na majibu ya kurasa tatu yanayoeleza ubora wetu tangu kiwanda kianze. Meneja alisoma barua, akasoma majibu, akayafunika yote mawili kwa kikapu.

"Nendeni mkale," alisema. "Mkirudi, mtaniambia swali lake ni lipi."

Tulikula matoke na maharage pale kwa mama wa kona, tukirudia matusi tuliyodhani tumetukanwa. Tuliporudi tulisoma tena, safari hii tumekaa. Swali lilikuwa moja, kwenye mstari wa mwisho: je, mzigo utafika bandarini kabla ya meli kuondoka? Hakuna mahali alipotaja ubora wetu. Tulikuwa tumejibu kurasa tatu za hasira zetu wenyewe. Majibu tuliyotuma yalikuwa mstari mmoja: ndiyo, utafika, na lori linaondoka Jumatatu.

"Huyu mtu anaandika kama anayelipia kila neno," mhasibu alilalamika.

"Na wewe unasoma kama anayedaiwa," Meneja akamjibu. Mhasibu bado anausimulia utani huo, ingawa siku hizi anadai aliusema yeye.

Lakini somo lake kubwa halikuwa la karatasi. Ilikuwa namna alivyokupokea unapotoka safari. Ulifika umechoka, vumbi mpaka kwenye kope, ukitaka kueleza ulivyohutubia. Alikupa kahawa, akakuuliza habari za njia na za watu wa nyumbani, halafu akasema maneno yale yale: "Usiniambie ulisema nini. Niambie walisema nini."

Mara ya kwanza nilikuwa natoka Nkwenda, upande wa Kyerwa, kuwahimiza wakulima waanike kahawa kwenye vichanja badala ya chini. Kahawa ikianikwa kwenye udongo inabeba harufu ya udongo, na mnunuzi anaijua mara moja. Nilikuwa nimeongea vizuri, nakiri, kwa mifano na picha.

"Walisema nini?"

"Walipiga makofi, Mama. Mengi."

Taya likasimama. "Makofi si neno, Naibu. Sisi Wanyambo tukikupigia makofi tumekuaga. Rudi."

Nilirudi kesho yake kwa bodaboda, na safari hii sikuhutubia. Nilikaa uani kwa mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi, nikamuuliza kichanja chake kiko wapi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Waitu, mwanangu," alisema, "jana ulisema tukiweke kule mwisho wa kibanja kwenye jua. Mimi niko jikoni huku. Nani atafukuza mbuzi wa jirani? Nani ataona mvua ikija? Wewe?"

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ulikuwa unaongea."

Nilirudi Omurushaka na maneno hayo. Meneja aliyasikiliza huku anatafuna, tena kwa kasi. Kuanzia msimu ule ushauri wetu ukabadilika: kichanja kikae karibu na jiko, macho ya mwenye kahawa yalipo. Watu walianza kuvijenga.

Nimesema nitamweleza alivyokuwa, kwa hiyo nisimpake mafuta. Mwanamke huyu aliyetukatia sentensi alikuwa akituma ujumbe wa sauti kwenye simu mrefu kama mahubiri ya Pasaka, na katikati yake ungesikia anafukuza ng'ombe, anamsalimu mpita njia, kisha anaendelea pale alipoachia. Aliyetufundisha kutoa habari mbaya kwenye mstari wa kwanza hakuweza kumwambia mtu uso kwa uso kwamba kazi imekwisha. Siku hizo alipata ghafla safari ya Bukoba, nami nikaachwa na mtu na barua yake. Na aliyesoma mikataba yetu kwa rula, mstari kwa mstari, akiuliza kila kifungu kinamtaka nani afanye nini na asipofanya itakuwaje, alikikunja cheti cha kliniki ya macho akakitia kwenye mkoba, akasema atakisoma akipata nafasi. Ilikuwa presha ya macho. Alipopata nafasi ya kukisoma, kusoma kwenyewe kulikuwa kumeanza kumtoka.

Na kuna jambo la Bweranyange. Siku ya kufungua ghala lile nilikuwepo. Kabla ya hapo watu wa kule walibeba kahawa zao mbali, au wakawauzia walanguzi waliopita na mizani ya kutilia shaka. Wanawake waliimba, wazee walivaa kanzu, na Meneja akasimama kwenye ngazi ya ghala. Yeye ambaye hakuwahi kusema hadharani neno ambalo hakuwa amelipima alitazama umati ule, akasema, "Ghala hili ni lenu. Mimi nawaambia, halitafungwa."

Nilimtazama kwa mshangao. Kwenye gari, tukirudi, alisema, kama anayejisemea, "Furaha nayo inaandika taarifa vibaya." Hatukuizungumzia tena.

Sasa nifike kwenye safari yangu. Paa la ghala lile lilikuwa limechoka na unyevu ulikuwa ukipanda sakafuni. Kahawa ya msimu uliopita ilishika ukungu, na mnunuzi akatuandikia kwamba hatapokea tena mzigo uliolala mle. Bodi haikuweza kujenga jipya. Iliamua ghala lifungwe, na badala yake lori lipite kila siku ya gulio. Wakulima wakikubali lori, kiwanda kinapumua. Wakikasirika, watarudi kwa walanguzi, na kiwanda bila kahawa ya Bweranyange hakiwezi kuwabeba watu wanaokitegemea. Hilo ndilo nililokwenda nalo, na kikapu cha kahawa, kwa kuwa sikujua kwenda na nini kingine.

Nilianza na habari mbaya. Nilisema ghala linafungwa, nikasema kwa nini, nikasema lori litapita lini, nikakaa chini. Kikapu kikazunguka. Kimya kikawa kirefu. Zamani ningekijaza. Safari hii nilitafuna.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda aliyeegemea pikipiki yake. "Meneja mpya anaongea kama dawa ya minyoo," alisema. "Chungu, lakini fupi." Watu wakacheka, na baada ya kicheko wakaanza kusema.

Mama mmoja mjane alisema lori halina masikio. Alikuwa akileta beseni moja la kahawa siku mtoto anaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada, si siku ya gulio, na karani wa ghala alikuwa akimpokea hata jioni. Mwingine akauliza mvua ikinyesha na lori likakwama Omurushaka, kahawa iliyokwisha kufungwa italala wapi. Kisha akasimama mzee mwenye fimbo ya mchungaji, mfuga ng'ombe aliyepanda kahawa uzeeni, akanyoosha fimbo kuelekea kwenye ngazi.

"Mama alisimama pale," alisema. "Akasema halitafungwa. Wewe hatukukatalii, mwanangu, umesema vizuri. Lakini neno lile hukulisema wewe. Neno ni fundo: aliyelifunga atalifungua. Aje mwenyewe atuambie, ndipo tutajibu kuhusu lori lako."

Wote wakaunga mkono. Niliwaeleza kwamba Mama amestaafu, na macho yake hayaoni tena vizuri.

"Hatukumwita aje kutuona," mzee akasema. "Aje tumsikie."

Nilipitia Bugene jioni ile ile. Nyumba ya Mama Meneja iko ndani kidogo ya barabara, migomba mbele na mibuni michache upande wa jiko, na kichanja pale pale karibu na mlango wa jiko. Njia nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema jambo lile. Ningeweza kusema wanamsalimu, na ingekuwa kweli. Ningeweza kusema wanafikiri, na hiyo pia ingekuwa kweli. Alikuwa amestaafu kwa heshima. Alikuwa anajifunza kutembea ndani ya nyumba yake kwa kupapasa kuta. Nani anampelekea mtu kama huyo ahadi yake iliyovunjika?

Nilimkuta barazani, uso ameuelekeza kwenye mwanga uliobaki.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Naibu. Gari lako bado lina ile kelele. Kaa."

Alipapasa kiti kilichokuwa pembeni yake, akakipata kikapu, akanisogezea. Nilichukua punje. Akauliza habari za njia, za mke wangu, za mhasibu. Nilizijibu zote kwa urefu, akaniacha niwe mrefu. Kisha akakifunika kikapu.

"Najua ulikotoka," alisema. "Usiniambie ulisema nini."

Nilitia punje nyingine mdomoni.

"Walisema nini?"

Nilianza na kijana wa bodaboda, akacheka kicheko chake cha chini. Nikamweleza mjane na beseni lake, akatikisa kichwa akisema, "Bojo, jamani, lori halina masikio, kweli." Nikamweleza swali la mvua. Taya lilikuwa likienda taratibu. Hapo nikakatiza, nikatazama mibuni yake.

"Wako wangapi hujanieleza?" aliuliza.

"Mmoja, Mama."

"Basi usimkate. Alipanda kilima cha ghala kuja kusema."

Nikamweleza. Sikupunguza wala sikuongeza. Nilisema ngazi, nilisema fimbo, nilisema aliyelifunga atalifungua. Taya lilisimama. Kutoka jikoni nilisikia kifuniko cha sufuria kikitikisika kwa mvuke, na mtu akakiondoa.

"Ni yule mfuga ng'ombe," alisema hatimaye. "Siku ile alisimama upande wa kushoto, hakuimba. Nilimwona. Nikajua huyu ndiye anayesikiliza, nikalisema lile neno hasa kwa ajili yake." Alifuta magoti kwa viganja, kama mtu anayekung'uta unga. "Amesema sawa. Halikuwa lako kulibeba."

"Mama, tunaweza kuwaandikia. Nikaandika vizuri, ukaweka saini."

"Naibu, umeshasahau?" Sauti yake haikuwa kali. "Barua ni kwa jambo ambalo mtu anaweza kulisoma mara mbili. Hili wanataka kuliona linanitoka mdomoni mara moja. Siku zote nilikuachia wewe watu wa namna hii nikaenda Bukoba. Safari hii hakuna basi la Bukoba." Akacheka peke yake. "Gulio lijalo unipeleke. Utanishika mkono mpaka kwenye ile ngazi, kisha uniachie. Na yule mjane nataka akae mbele, maana nafikiri karani anaweza kubaki pale siku mojamoja hata bila ghala, kwenye baraza la kanisa, lakini nitamuuliza yeye kwanza, sitamwambia."

Nilimwambia nitakuja asubuhi mapema. Aliniambia nije saa ya kawaida, tutakunywa uji. Nilinyanyuka kuaga, naye akanyoosha mkono kunizuia, kiganja wazi, akiutafuta mkono wangu mpaka akaupata.

"Kaa tena kidogo. Macho hayanisomei, itabidi nilijue kwa masikio. Niambie tena, kuanzia mwanzo. Maneno yao, si yako."

Nikakaa. Nikaanza upya na kijana wa pikipiki na dawa yake ya minyoo, nikapita kwa mjane na kwa mwenye swali la mvua, giza likiingia mpaka sikuweza tena kuuona uso wake vizuri. Nilipofika kwa mzee na fimbo yake nilipunguza sauti ili nilisikie taya lake. Alikuwa anatafuna.